Mikono Chini ya Mapaja

Ndani ya basi, fundi cherehani aliikalia mikono yake ili isionekane ikitetemeka. Mama aliyeketi kando yake hakuwa mtu wa kujifanya hajaona. "Pombe hiyo, mwanangu?"

"Dawa za sonona, mama. Ila kazini nimewaambia ni pombe."

"Heri uitwe mlevi?"

"Mlevi wanamcheka tu. Mgonjwa wa akili wanamnyang'anya mkasi."

Mama alianza kucheka, akaacha. "Na daktari je? Si atakubadilishia dawa?"

"Kila akiniuliza namwambia sijambo. Leo ndiyo naenda kumwambia ukweli."

Kondakta akaita kituo cha hospitali, basi likasimama. Mama akakunja magoti ampishe. Fundi aliutazama mlango, mikono ingali chini ya mapaja.