Kaunta Buku Tatu za Mwalimu Imakulata

Tarehe 27 Juni mwaka huu Mwalimu Imakulata Bartholomayo, Mama Dorika kwa wengi wetu, anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na sita. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Godwin, mwalimu wa taaluma, kazi ya kuandika wasifu wake. Ningeikataa, lakini ningelazimika kuwaeleza sababu.

Alizaliwa Mkunya, akasomea ualimu Mtwara, akaanza kazi Masasi mwaka 1989. Miaka saba baadaye alihamia kwetu Newala na hakuhama tena. Amefundisha wazazi, akafundisha na watoto wao. Yupo diwani mmoja ambaye mpaka leo akikutana naye njiani hutoa mikono mfukoni haraka.

Mambo yalianzia Masasi. Mgeni Mwingereza alikaa nyuma ya darasa lake kipindi kizima, akatoka akisema somo halikuwa baya. Mwalimu Imakulata alinyong'onyea wiki mbili nzima, hadi alipoelezwa kwamba kwa watu wa kule hiyo ni sifa kubwa. Muda si mrefu akaja Mmarekani aliyesifu kila kitu, hata uji ulioungua akauita wa ajabu. Ndipo aliponunua kaunta buku ya kwanza. Akaandika maneno ya wote wawili, nani aliyasema, wapi, na alikuwa na maana gani hasa. Hakutaka mwanafunzi wake naye anyong'onyee kwa kusifiwa.

Tangu hapo hakuna mgeni aliyepita bila kuandikwa. Injinia wa barabara kutoka Nijeria aliondoka ofisini akisema anakuja. Mama Dorika akabandika chai, akamsubiri mpaka adhuhuri, kumbe kwao mtu husema anakuja huku anatoka, na kurudi ni majaliwa. Fundi wa mashine za kubangua korosho, mtu wa Afrika Kusini, aliahidi kufika sasa hivi tu, akatokea kesho yake. Pembeni ya hilo aliandika kwamba hapa Newala halihitaji maelezo. Na wanafunzi wa kutoka Chilangala walipokutana kitabuni na msemo wa mvua inayonyesha paka na mbwa, yaani mvua kubwa, aliwaambia waielewe lakini wasiitumie sana, maana yeye hajamsikia Mwingereza aliye hai akiisema.

Kurasa alizozipenda zaidi zilikuwa za kwetu. Mtu akijikwaa, sisi humwambia "sorry", neno la Kiingereza la kuomba radhi, kwa kuwa ndiyo pole yetu, na yule Mmarekani aliuliza kama kuna aliyemsukuma. Sisi walimu wengine tulikuwa tukiyapigia mstari mwekundu maneno ya namna hiyo. Yeye aliyaandika kwa wino uleule wa bluu, akidai kwamba Kiingereza kina wenyewe wengi na sisi tumo. Tulimcheka kidogo chumba cha walimu, nami nilicheka.

Kufikia mwaka 2018 kaunta buku zilikuwa tatu. Katika utumishi wake wote aliomba jambo moja, zichapwe ziwe kitabu kidogo cha kuachia shule siku atakapoondoka. Kompyuta ilikuwa ofisini kwangu. Nilizipokea kwa mikono miwili nikaahidi kumaliza kabla ya likizo. Nikaziweka kwenye boksi chini ya meza, juu yake nikapanga mitihani ya majaribio. Likizo ikapita, na nyingine ikapita. Januari 2020 nilipolivuta lile boksi, kitako chake kilibaki sakafuni. Mchwa walikuwa wamemaliza kila kitu isipokuwa vipande vya majalada. Nilivichoma nyuma ya ofisi pamoja na karatasi za zamani, na sikumwambia mtu.

Alipouliza, kwa upole wake ule, nilimjibu kwamba kazi iko stesheneri Masasi. Baada ya mwezi akauliza tena, nikajibu vilevile. Kisha hakuuliza tena, nami nikajifariji kwamba amesahau. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo nikiangalia viatu vyake.

Mwezi huu kamati iliandika kwenye ratiba kwamba leo, kwenye sherehe hii, atakabidhiwa kitabu chake, nikashindwa kuendelea. Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kwake Mkunya. Nilimkuta akianika mihogo. Nilimweleza yote nikiwa wima, kwa kuwa sikuthubutu kukaa kwenye kigoda alichonisogezea. Aligeuza mihogo yake mpaka mwisho wa mkeka.

"Mwaka uleule nilikwenda Masasi, Mwalimu Godwin," akasema. "Niliingia stesheneri nne."

Nilimuuliza kwa nini hakuandika upya. Alisema alijaribu. Alipofika ukurasa wa kumi na moja aligundua kwamba anatunga, watu wale hakuwakumbuka tena sawasawa, akaona ni heri aache. Hakunigombeza. Wala hakusema amenisamehe, na ninaliandika hilo ili mtu asinidhanie vingine. Aliniomba tu niuweke ukweli kwenye karatasi hii, watu wasije wakakaa wanasubiri kitabu.

Basi kitabu kisisubiriwe. Kimepotea mikononi mwangu, si mwa kamati wala mwa mkuu wa shule, na mbele ya wote mliokaa hapa ninamwomba radhi.

Mama Dorika, shule inakushukuru kwa watoto wote uliowafungulia masikio. Nenda nyumbani Mkunya kwa amani, Mungu akupe afya, mikorosho yako izae na wajukuu wakuzunguke. Leo tutakukabidhi godoro, kitenge na cheti. Ulichotuomba hakimo.