Mawese Ndani ya Pompe

Pasta ameniambia nisipite dakika kumi. Mimi nilifika darasa ya pili tu, saa nilijifunza kwa jua, basi nitanyamaza wakati maneno itaisha.

Wandugu, munanijua. Trakteri yangu ni ya zamani kuliko wengi wenye wamekaa kwa hizi benchi. Niliipata kwa jasho yangu, hakuna mutu alinisaidia, na niliringa nayo. Vita ilipokaribia, nilifungua pompe, ile yenye kusukuma mafuta ili jembe inyanyuke, nikaifunga mu ngozi ya ng'ombe, nikaizika chini ya mavi mu lupango ya ng'ombe. Nikawaza: wenye kuja watakuta chuma tu, haina nguvu. Kisha tukakimbia. Bibi yangu na watoto wetu walivuka ziwa.

Bunduki iliponyamaza, nilirudi peke yangu. Bibi aliniambia kwa simu: "Siwezi kurudisha watoto kwa njaa. Siku utalima, uniite."

Nilifukua pompe, nikairudisha pahali yake. Mafuta yake haikupatikana, barabara ilifungwa. Nikasema: mafuta ni mafuta. Nikatia mawese, ile ya kupikia.

Munacheka? Mucheke tu. Munajua baridi ya asubuhi ya kwetu, vile mawese inaganda mu chupa. Iliganda mu pompe vilevile. Saa sita, jua ikiwaka, jembe ilinyanyuka kidogo, kisha ikaanguka. Na ile kazi inaomba watu wawili: mumoja kwa kiti avute mukono wa chuma, mwingine nyuma aangalie jembe. Mimi nilivuta mukono, nikaufunga na kamba, nikashuka mbio. Nikifika nyuma, jembe imekwisha kulala. Nikarudi tena. Majuma na majuma nilizunguka ile chuma kama mbwa mwenye kufungwa. Nilikuwa nasemesha jembe: "Nyanyuka basi." Mutu mwingine wa kusemesha hakukuwa. Mvua ikapita, shamba ikabaki majani.

Sasa, kitu yenye ilinisimamisha leo. Mulipouliza mbona silimi, nilisimama hapa hapa nikasema kuna fundi mumoja, mutu wa upande ule mwingine, ndiye aliniharibia trakteri wakati wa vita. Mulisema amina. Wandugu, nawaambia: sikuona mutu kuiharibu. Nilikuwa naona haya tu.

Mvua ya pili ikakaribia. Fundi wa pompe ni yeye tu. Nikatembea mpaka kwake, kijiji ya Rwambuzi, njia yenye sikukanyaga tangu vita. Alikuwa anapanguza mikono.

"Muzee, si ni weye ulichafua jina yangu kwa kanisa?"

"Ni mimi."

"Na unakuja kwangu?"

"Jembe hainyanyuke."

"Ndiyo kusema samahani, ile?"

 Akanitazama sana, kisha akachukua funguo zake za kazi.

Kwangu alifungua kifuniko, akanusa. "Ee muzee! Unatengeneza trakteri ama unapika mboga ya sombe?"

Ni hapo nilisema: "Nilikosa." Neno moja tu, lakini ilikuwa nzito kuliko jembe.

Siku tatu aliosha pompe na mazuti, mafuta ya motere, akabadilisha mipira yenye mawese ilivimbisha, akatia mafuta ya kweli. Kisha akasema: "Panda kwa kiti. Mimi niko nyuma."

Nikavuta mukono. Sikugeuka. Nikangoja.

"Iko juu, muzee! Inabaki juu!"

Tangu nirudi, hakuna mutu alikuwa ameniita kutoka nyuma yangu. Nililia pale kwa kiti, mutu muzima.

Nilipigia bibi yangu, nikaweka simu karibu na pompe. Akasikiliza. Kisha: "Maharagi usipande. Kupanda ni kazi yangu."

Nimelima yote. Udongo iko wazi, inamungoja. Hajafika bado. Ningali nakula peke yangu, lakini nyumba nimeifagia.

Namushukuru Mungu, namushukuru bibi, namushukuru ule fundi. Na mwenye anabeba "nilikosa" ndani ya kifua, aitoe mapema. Mimi ilinilia mvua nzima.

Fundi nilimualika leo. Yuko inje, kwa mulango. Alisema haingii mpaka munisikie kwanza. Basi mumenisikia. Siku ile mulisema amina kwa uongo yangu. Sasa mutoke, mumusalimie.