Mwizi Wetu Aruhusiwa Kwenda Nyumbani

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kuumwa na mbwa, mwenzetu wa kituo hiki cha kufunza mbwa, ambaye wote tunamwita Mwizi, atastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Barua yake ya ajira inamtaja kuwa Msaidizi wa Majaribio. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Kila siku ya kazi alivaa koti nene la turubai na mkono wa gunia, akajificha nyuma ya kimojawapo cha vibanda sita uwanjani, akasubiri. Mbwa anayetahiniwa katika mchezo wa ulinzi humtafuta, humbwekea bila kumgusa, humkamata mkono anapojaribu kukimbia, na humwachia mara tu mwenye mbwa anapoamuru. Mbwa zaidi ya mia mbili wamefaulu kwa mikono ya Mwizi, hasa wa kushoto. Katika muda huo wote aliomba ruhusa ya ugonjwa mara moja tu, alipoumwa na paka wa jirani.

Kosa letu, na ninaliandika kwa masikitiko, ni kwamba hatukuwahi kumtumia mwizi mwingine. Lilibainika mwaka juzi, mwizi wa kweli alipoingia saa saba mchana na kuondoka na mashine ya kukata nyasi. Mbwa kumi na mmoja walimtazama kwa adabu. Mwizi wetu aliporudi kutoka kula, walimzingira langoni wakambwekea kwa dakika arobaini, kwa kufuata kanuni zote. Jaji wa mashindano, ambaye ndiye hutahini mbwa wetu, alipopata habari alisema kwamba mbwa hao hawakujifunza kumkamata mhalifu. Walijifunza kumkamata mzee mmoja. Akaagiza warudie mtihani kwa mtu mwingine, la sivyo kituo kifungwe.

Kwa kuwa hakukuwa na mrithi, kustaafu kwa Mwizi kukaahirishwa mara mbili. Mara ya pili mkewe alikuja ofisini.

"Shemeji zangu," alituambia, "mwanangu wa mwisho ameshaoa, nyumbani nimebaki mimi na redio. Mume nilipewa mmoja. Nyinyi mna mbwa kumi na mmoja. Hebu niambieni, nani hapa ana haja zaidi?"

Siku hiyo hiyo meneja wetu akabandika tangazo la kazi langoni.

Aliajiriwa mrithi, aliyekuwa fundi bomba. Mbwa walimng'ata kidogo, kama mtu anayeonja uji uliopoa, wakamwachia na kukimbilia jikoni alikokuwa Mwizi akinywa chai. Tulimficha Mwizi stoo, wakaipata stoo. Tulimpeleka mjini, wakakaa langoni kumngoja.

Mwizi mwenyewe ndiye aliyegundua sababu. Kila alipong'atwa, alikuwa akinong'ona, "Vizuri, baba, kaza hapo hapo." Sisi tulidhani anasali. Mbwa walikuwa wakifuata sifa. Fundi bomba, kwa upande wake, alikuwa akipiga kelele, "Mama yangu, nakufa!" Jambo hilo linaeleweka, lakini halimtii mbwa moyo.

Kwa wiki sita Mwizi alimfundisha mwenzake kusifu huku akiumwa. Jumamosi iliyopita mtihani ulirudiwa. Mbwa kumi walifaulu. Wa mwisho, jike mzee tunayemwita Bibi, alining'inia kwenye mkono wa fundi, akasita, macho yakielekea jikoni alikozoea kumkuta Mwizi. Fundi, machozi yakimtoka, akatamka kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Ahsante, Bibi! Kaza!" Bibi akakaza. Alipoamriwa, akaachia. Jaji akampa alama tisini na sita.

Mwizi alikuwa amesimama nje ya uzio, mikono mifukoni. Mbwa walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Hata mmoja hakubweka. Alituambia kwamba amefurahi sana, kisha akageuka kutazama ukuta wa stoo kwa muda mrefu kuliko ukuta ule unavyostahili.

Kaka, tunakushukuru. Shemeji anakungoja, nawe unakwenda kwake ukiwa mzima, kama alivyotaka. Tunakuombea usingizi wa mchana na matembezi ya taratibu, bila mtu wala mnyama kukushuku. Na siku zikiwa shwari mno, pita Jumamosi asubuhi. Hatutakosa mbwa mmoja wa kukuuma.