Bwana Harusi Mtoro

Sisi Waayalandi wa Boston tulijaa ndani ya basi, tukitoka kwenye tamasha la kila mwaka la filamu za kwetu. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa bado anamsema bwana harusi wa kwenye filamu, aliyemwacha mwenzake kanisani kule Galway, Ayalandi, akakimbilia Marekani. "Mwanamume gani yule! Masharubu yamdondoke!"

Mzee aliyekaa naye, ambaye hawakujuana, akaguna. "Usimhukumu, dada. Mama mkwe alikuwa mkali kama siki."

"Mama mkwe gani? Mbona kwenye filamu hakuwemo?"

Mzee akageukia dirishani, kana kwamba Boston imejengwa jana.

"Kwenu wapi?"

"Galway."

"Ehee! Na huko uliondokaje, shemeji?"

Basi likasimama. "Nimefika kwangu," mzee akasema, akashuka mbiombio. Kituo kile ni cha makaburini, hakuna nyumba hata moja.