Visi Nne Mfukoni

Ndugu zangu wa shirika, kabla ya sala mama wa nyumba, mke wangu, amenikubalia niseme kidogo. Nawaona wengi mnaangalia kile kitu kilichofunikwa mezani, mnafikiri labda ni chakula. Si chakula, samahani. Ni kompyuta. Nataka niwaeleze jinsi ilivyofika pale, kwa sababu mimi ndiye niliyeiondoa ile ya kwanza.

Wa zamani hapa mnajua kwamba mama alikuwa anapiga maandishi ya wanafunzi na barua za majirani. Hiyo ndiyo kazi iliyolisha nyumba hii. Mimi kazi yangu ilikuwa kuondoka. Nikisikia gari linapanda mlima, miguu inaniwasha. Siku moja, mama akiwa kwenye misa, nilitia kompyuta yake katika sac yangu, begi langu la safari, nikaenda nayo Luhwindja. Niliibadilisha na nafasi katika shimo la dhahabu. Shimo lilijaa maji kabla sijaona hata vumbi la dhahabu.

Sikurudi. Nawaambia ukweli: nikiharibu kitu, sikuwa mtu wa kubaki nikiangalia. Niliteremka Luberizi, nikafukuza ndege katika mashamba ya mpunga. Mpaka leo nikisikia harufu ya mchele mpya moyo wangu unasafiri, siwafichi. Kisha nikafika Kavumu, nikauza nyanya kando ya barabara. Kavumu, ndugu zangu! Gari moja tu, umefika nyumbani. Nilikaa pale misimu miwili nikiangalia magari yanayokuja Bukavu, na haya ikinikalisha chini.

Nilipopata nguvu ya kurudi, mama hakunifukuza. Alinipa chakula, akanyoosha kidole.

"Sac yako ibakie pale pa mulango. Siku ordinatere itarudia pa meza, njo sac itaingia chini ya kitanda. Umesikia, papa?"

"Nimesikia, maman."

Kununua ordinatere, yaani kompyuta nzima, kulikuwa mbali na mkono wangu. Lakini pale sokoni Kadutu kuna maman mmoja anauza vipande vya mashine za zamani, zile zinazoletwa zikiwa zimechoka ofisini kwa watu wengine. Mchana nilibeba mifuko ya saruji, na kila juma, siku ya nne, nilipita kwake kuchukua kipande kimoja. Kwanza kasha, dogo, unaweza kulibeba chini ya kwapa. Nilitaka dogo kwa sababu meza yetu ni moja, tunakulia hapohapo, na tena mashine ndogo haimezi umeme mwingi. Kisha karte mère, ile sahani ya ndani inayobeba vipande vyote. Kisha diski. Kisha barète za kumbukumbu, vile vipande vyembamba vyenye meno, ambazo yule maman wa sokoni alinifundisha kuzisugua kwa gomme, kifutio cha shule, mpaka zing'ae.

Alikuwa na mdomo, yule maman!

"Papa, weye unajenga ordinatere ao unajenga nyumba? Kila juma tofali moja!"

"Ni nyumba, maman."

"Basi usisahau choo."

Kibodi alinipa kwa bei ya huruma, herufi zote zimefutika. Nilipoileta nyumbani kwa woga, mama aliweka vidole juu yake na kufumba macho. "Herufi ziko huku," akasema, akionyesha vidole. Ile siku alicheka mara ya kwanza tangu nirudi. Televisheni yetu ya zamani ikawa kioo cha mashine.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Mnajua umeme wetu. Taa inakuwa nyekundu kama kaa linalozimika, hata redio inaongea kama mgonjwa. Siku niliyomaliza kuunga vipande vyote ulikuwa hivyo, saa sita mchana. Mama alikuwa amekwenda kuona mgonjwa. Nikabonyeza; mashine kimya. Nyuma ya kasha, kwenye kile kisanduku kinachopokea umeme, kuna kidude chekundu cha kusukuma: upande mmoja kwa umeme mkubwa, upande mwingine kwa umeme mdogo. Nikawaza kama mtu wa Kadutu: umeme wetu si mdogo? Basi nisukume upande wa mdogo.

Ikawaka! Feni ikazunguka. Nilicheza ngoma peke yangu, nikafungua kasha, nikatia visi zake, zile skrubu nne za kulifungia, mfukoni, ili mama akirudi aone feni ile kwa macho yake.

Halafu taa juu ya kichwa changu ikawa nyeupe, nyeupe kabisa. Umeme ulikuwa umerudi na nguvu zake zote. Pa! Moshi. Harufu ya kuungua ikajaa nyumba.

Sac ilikuwa pale pa mlango, tayari. Hata kuifunga haikuhitaji. Nikaichukua nikaenda kunakopakia magari ya kwenda Mwenga, nikapanda, nikakaa dirishani. Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa mwepesi kama zamani.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa nifute jasho. Nikakuta visi nne.

Nikaziangalia kiganjani. Nikaona mama anaingia, anakuta kasha wazi na moshi, na hata cha kulifungia hakuna. Mara ya kwanza nilibeba mashine nzima. Safari hii nimebeba visi zake. Nikashuka.

"Papa, unasahau nini?" dereva akaniuliza.

"Visi."

"Visi za motokari yangu?"

"Hapana. Za kwangu nyumbani."

"Basi kimbia, nyumba isikuangukie!" Gari zima likacheka.

Nilimkuta mama amesimama mbele ya kasha. Aliangalia sac begani mwangu, akaangalia mkono wangu.

"Unaleta visi tu, ao unabakia?"

Nikamwambia yote: kidude chekundu, gari la Mwenga, na Luhwindja pia, ambayo sikuwahi kuiombea msamaha kwa mdomo wangu. Alichomoa waya wa mashine ukutani. Kisha akasema, "Beba kasha. Twende kwa ule maman yako."

Tulikwenda wawili. Yule maman alinusa, akaunga kisanduku chake mwenyewe cha umeme, akabonyeza. Feni ikazunguka.

"Tumbo njo imekufa. Kichwa iko muzima," akasema. Alinipa kisanduku kingine, nitalipa pole pole, na kidude chake chekundu akakifunga kwa plasta. "Hapa, papa, kidole yako isifike tena."

Ndugu zangu, mama amerudi kazini. Karatasi ya nyimbo mliyoshika imepigwa kwenye mashine hiyo.

Ninamshukuru yule maman wa sokoni. Ninawashukuru ninyi mliomtembelea mama nilipokuwa sipo, mkamletea unga na maneno mazuri, bila kuniponda mbele ya watoto wangu. Na mama wa nyumba, mbele ya watu wote, asante.

Kama kati yenu kuna mtu ambaye ameharibu kitu na anaangalia mlango, mimi namwomba akae dakika moja, aseme: ni mimi. Mimi nilidhani maneno hayo yataniua. Yamenipa kiti mezani.

Barabara bado ninaikumbuka. Asubuhi nikisikia magari yanapanda, ninasimama mlangoni mpaka yaishe, kisha ninaingia kunywa chai. Na msinitafutie ile sac chini ya kitanda, haikufika huko. Mama aliikata, akaishona upya. Ndiyo hiyo iliyoifunika kompyuta, isiingie vumbi.