Mama Tanbihi na Maelezo Mia Nne na Kumi na Mawili

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha uchapaji, Ijumaa tarehe 28 Mama Tanbihi anastaafu. Alianza na taipureta, akazeesha kompyuta nne, na hakuna kitabu kilichotoka hapa bila tanbihi zake, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa, kupita mikononi mwake.

Imani yake ilikuwa moja: mitindo ya programu, yaani mpangilio unaouweka mara moja na kompyuta ikaufuata kitabu kizima. Akikukuta unapanga tanbihi kwa mkono, anakutazama kama umemkanyagia mwanawe. Akikukuta unasogeza mstari kwa kitufe cha nafasi, basi anavuta kiti, anaanza somo, na chai yako inapoa.

Mwezi uliopita aliniokoa mimi. Nilikuwa nifunge ndoa Jumamosi. Ijumaa asubuhi, kitabu chenye tanbihi mia nne na kumi na mbili kilitakiwa kiwandani kuchapishwa kabla ya saa nane mchana, na mkuu wetu alishasema kisipotoka, likizo hakuna. Nilikuwa nimezipanga moja moja siku mbili nzima, na sasa mwandishi anataka herufi zote zishuke hadi ukubwa wa tisa! Nililia, jamani.

Mama Tanbihi akaja akicheka: "Bibi harusi, unaolewa na yule kijana au na hii kompyuta?"

Akaniambia nibofye ndani ya tanbihi moja, nizichague zote, kisha nifute upangaji wangu wa mkono, kwa sababu ndio uliokuwa ukiuzuia mtindo. Halafu akafungua orodha ya mitindo, akarekebisha ule wa tanbihi peke yake, akabonyeza Sawa. Kitabu kizima kikajipanga papo hapo! Nilipiga kelele mpaka mhasibu akatoka mbio. Kwa kufuta kule, majina ya vitabu yalikuwa yamepoteza mlazo, zile herufi za kuinama, tukagawana kuyarudisha, yeye akichukua fungu kubwa. Saa saba na dakika ishirini, kitabu kikaondoka.

Kesho yake nikawa mke wa mtu, tena wa mtu mzuri mno! Mume wangu analalamika kwamba nikisimulia harusi yetu naanzia kwenye tanbihi. Nianzie wapi kwingine?

Mama, ahsante kwa kunifikisha kwa mpenzi wangu siku ileile tuliyoahidiana. Sote hapa tunakuombea afya, vicheko na mapumziko marefu kando ya Baba, mumeo.