Hakimu Rothangpuii na Majembe ya Mtaa

Marehemu Hakimu Rothangpuii alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika kijiji kilicho juu ya mji wa Serchhip, mtoto wa kwanza wa mzee Chalngura na mama Thansiami. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake, Biakthanga. Sijalala vizuri tangu wiki iliyopita, mtaniwia radhi kwa sauti hii.

Alisoma Serchhip, kisha akasomea sheria katika mji mkuu wetu, Aizawl, na kuhitimu mwaka 1985. Kuamua ugomvi alikuanza utotoni. Tukigombania nyama ya nguruwe, aliila yeye, halafu akatutuma wagomvi tukachote maji pamoja mpaka tupatane. Hukumu zake za baadaye zilifanana na hiyo.

Mwaka 1988 aliolewa na mwalimu Lalnunzira, aliyemtangulia mwaka 2016. Walijaliwa binti mmoja, Zonunsangi.

Aliteuliwa hakimu wa jinai mwaka 1996. Kwetu mtu akifa, vijana wa mtaa hushika majembe wakachimbe kaburi, na asiyeitwa kuchimba si mtu wa mtaa tena. Waliotoka jela hawakuitwa. Marehemu aliona watu walewale wakirudi kizimbani mwaka hadi mwaka, akachoka. Mwaka 2011 kijana aitwaye Ruata aliiba jenereta ya kanisa apate pesa ya unga wa kulevya. Badala ya kumfunga, marehemu alimwamuru achimbe makaburi na vijana wenzake mwaka mzima, na akeshe na wafiwa kama wao.

Zohmuaka, kiongozi wa vijana, aliyekuwa amefiwa na baba yake, alikuja nyumbani amefura kwa hasira.

"Mama, mwizi huyu ndiye amchimbie baba yangu kaburi?"

"Baba yako alikuwa mnene, Zohmuaka. Mikono zaidi utaihitaji. Kaa unywe chai."

Mwezi wa pili wa hukumu Ruata alitoroka na majembe ya chama cha vijana, akayauza. Mji mzima ulicheka, na sokoni dada yangu akaitwa Mama Majembe. Alinunua mengine, akaendelea na hukumu ileile kwa wengine. Baadhi walianguka tena. Wengi leo ni mafundi na madereva, na mmoja ni shemasi. Lakini kila msiba aliuliza, "Ruata amekuja?" Aliamini kwamba asiporudi huyo wa kwanza, kazi yake haijakamilika, na jambo hilo lilimtafuna kuliko kicheko cha watu.

Alistaafu mwaka 2021. Mwaka jana saratani ya tumbo ilionekana. Alitibiwa Aizawl, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Jumatano jioni aliniuliza tena kama Ruata amekuja.

"Bado, dada. Lala."

"Wewe nawe! Si ungesema tu yuko njiani?"

Alifariki Alhamisi alfajiri, tarehe 16 Oktoba 2025.

Kaburi hili wamelichimba leo asubuhi wale aliowahukumu, Zohmuaka akiwaongoza. Mwamba ulikuwa mgumu. Walipomaliza, Zohmuaka aliacha jembe moja kando ya shimo, nikamuuliza ni la nani.

"La Ruata. Akifika asikose kazi."

Marehemu ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na wachimbaji hawa, ambao alikataza wasiitwe wafungwa wake. Namwongeza Ruata, popote alipo.

Dada, umechoka, nasi tumeona. Mungu akupe pumziko ulilolikosa hapa. Kumsubiri Ruata, tuachie sisi.